Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo: mkipima hofu ya mtihani, kagueni na mtihani wenyewe

Kwa wakuu wa vyuo, wakurugenzi wa mitihani na walezi wa wanafunzi,

Salaam.

Mimi ni mshauri nasaha wa wanafunzi. Wiki za mitihani, wakati ninyi mnahangaika na ratiba, vyumba na wasimamizi, mimi nakaa na wale wanaotoka katika vyumba hivyo wakiwa hawajielewi. Nawaandikia kuhusu hojaji za kupima hofu ya mtihani ambazo vyuo vingi sasa vinawagawia wanafunzi. Kwamba mmeamua kupima, nawashukuru kwa dhati. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyetetemeka mbele ya karatasi aliambiwa tu kwamba hakusoma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kinachonisumbua ni pale majibu yanapoishia. Hojaji zikishakusanywa, alama zinajumlishwa, zinawekwa kwenye faili la mwanafunzi, na yule aliyepata nyingi anaambiwa aje kwangu. Mtihani uliomtia hofu hakuna anayeuita popote. Muhula unaofuata unarudi vilevile, na mimi napokea kundi jingine. Ombi langu ni kwamba majibu hayo yafike kwanza mbele ya bodi ya mitihani, yasomwe kozi kwa kozi na mtihani kwa mtihani, kabla hayajasomwa mwanafunzi kwa mwanafunzi. Kupima hofu ya mtahiniwa bila kuukagua mtihani ni sawa na kupima jinsi mtu anavyochechemea bila kumvua kiatu.

Msidhani nasukumwa na huruma peke yake. Vipimo hivi, tangu vilipoanza, vinaelekeza huko huko.

Mwaka 1952 George Mandler na Seymour Sarason, wakiwa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, walichapisha kazi yao juu ya hojaji iliyowauliza wanafunzi wanavyojisikia kabla ya mtihani na wakiwa ndani yake. Vipimo vingi tunavyotumia leo vimetokana na kazi hiyo kwa njia moja au nyingine. Watafiti wa wakati ule hawakuishia kuhesabu wenye hofu. Walibadilisha mazingira ya zoezi ili waone hofu inafanya nini. Katika majaribio hayo, na katika yale ya Irwin Sarason yaliyofuata, jambo moja lilijirudia. Wanafunzi wakiambiwa kwamba zoezi lililo mbele yao linapima akili zao, wenye hofu kubwa walibaki nyuma ya wenzao. Wakipewa zoezi kwa maneno ya kuwatuliza, pengo lilipungua sana, na mara nyingine wenye hofu wakafanya vizuri kuliko wale wasio nayo.

Naomba jambo hilo mlisome kwa macho ya mtu anayeandaa mitihani. Zoezi ni gumu kiasi kilekile. Kilichobadilika ni maneno yaliyosemwa mwanzoni. Sasa fikirini maneno yanayosemwa katika vyumba vyetu dakika tano kabla ya kuanza. "Atakayegeuza shingo nachukua karatasi yake." "Muhula uliopita wengi wenu mlirudia hii kozi, tutaonana." Msimamizi anayasema kwa nia njema kabisa, anataka utulivu. Lakini kuna mtu ameketi safu ya tatu ambaye tangu alfajiri alikuwa anarudia fomula kichwani, na sentensi hiyo moja imeshamfukuzia nusu yake. Jambo la aina hiyo mtu hawezi kulitibu peke yake ofisini kwangu. Ninyi mnaweza kuliondoa kwa waraka wa ukurasa mmoja unaowapa wasimamizi maneno ya kusoma.

Nataka kukaa kidogo kwenye kile ambacho hojaji inapima, kwa sababu hapa ndipo ofisi nyingi zinapopotea njia.

Mwaka 1967 Robert Liebert na Larry Morris waliigawa hofu hii mafungu mawili, na hadi leo mgawanyo huo ndio msingi. Fungu la kwanza ni la mwili: moyo kwenda mbio, viganja kulowa jasho, tumbo kusokota, mkono kutetemeka hadi mwandiko unakuwa wa mtu mwingine. Fungu la pili ni la mawazo. Nitafeli. Wenzangu wameshafungua ukurasa wa pili. Nikirudia mwaka nyumbani nitasema nini. Walichokiona wao, na wengi waliowafuata, ni kwamba linaloendana zaidi na kushuka kwa alama ni fungu la mawazo. Mapigo ya moyo yanatisha kuyasikia, lakini mtu anaweza kuandika jibu zuri moyo wake ukidunda.

Sababu yake ukiielewa huwezi tena kuwatazama wanafunzi hawa kama wavivu. Swali lenye hatua nne linamtaka mtu ashike matokeo ya hatua ya pili kichwani huku akifanya ya tatu. Nafasi ya kushikilia mambo namna hiyo kwa muda mfupi ni finyu kwa kila binadamu, hata kwa profesa. Sauti inayosema "nitafeli" inakaa katika nafasi hiyohiyo. Ndiyo maana mwanafunzi anasoma swali la kwanza mara nne na kila mara anafika mwisho hajui limeanzaje. Ndiyo maana pia anatoka nje, anakaa kwenye ngazi, na baada ya dakika kumi majibu yote yanamrudia, moja moja, kwa mpangilio. Wananisimulia hivyo huku wanalia kwa hasira: "Nilikuwa najua. Nilipofunua karatasi yote yakayeyuka." Kati yao wamo waliokuwa wakiwafundisha wenzao mada hizohizo usiku wa kuamkia mtihani, na wenzao wakafaulu.

Mafungu haya mawili hayaendi pamoja kwa wakati. Utafiti wa mwaka 1968 uliowafuatilia wanafunzi siku za kuelekea mtihani ulionyesha kwamba mawazo ya hofu yalikaa karibu palepale siku zote hizo, huku dalili za mwili zikipanda ghafla mtihani ulipokaribia kabisa. Kwa hiyo hojaji inayogawiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, kama wengine wanavyopenda kufanya kwa kuwa wanafunzi wote wako pamoja, inanasa zaidi moyo unaodunda. Linaloharibu alama lilikuwepo tangu juma lililopita, na hakuna aliyeuliza. Wanaotaka kununua saa za kuhesabu mapigo ya moyo nawajibu kwa hoja hiyohiyo: mtapima vizuri sana fungu lisilo na uzito mkubwa.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kile cha Charles Spielberger cha mwaka 1980. Kina kauli 20, kila moja inajibiwa kwa ngazi nne kuanzia "karibu kamwe" hadi "karibu kila mara", hivyo jumla inaanzia 20 na kuishia 80. Kauli nane ni za mawazo, nane ni za mwili, na nne zilizobaki zinaingia kwenye jumla tu. Mnaona mwenyewe alivyojitahidi kutenganisha. Halafu ripoti inakuja mezani ikiwa na namba moja kwa kila mwanafunzi! Wanafunzi wawili wenye alama 52 wanaweza kuwa watu tofauti kabisa: mmoja anatokwa jasho na kufaulu, mwingine ametulia kama maji ya mtungini na hakumbuki kitu. Yule wa kwanza akijifunza kupumua taratibu itamtosha. Wa pili anahitaji kazi ndefu zaidi juu ya mambo anayojiambia, na anahitaji mtihani usiomwongezea ya kujiambia. Mkitaka kulenga mawazo pekee, Jerrell Cassady na Ronald Johnson walichapisha mwaka 2002 kipimo cha kauli 27 kilichojikita huko. Chochote mtakachochagua, msiziunganishe alama ambazo aliyetengeneza kipimo alizitenganisha kwa makusudi.

Nije kwenye ugawaji. Nimeshuhudia hojaji ikigawiwa mwisho wa kipindi na mhadhiri yuleyule atakayesahihisha mtihani. Juu ya karatasi kulikuwa na nafasi ya jina na namba ya usajili. "Jazeni haraka tumalize." Msichana wa safu ya mbele aliweka vema kwenye "mara chache" kuanzia kauli ya kwanza hadi ya mwisho, kalamu yake ilishuka mstari ulionyooka bila kusimama, na hakusoma hata moja. Nilimfahamu. Alikuwa ameshakuja kwangu, na hofu yake haikuwa ya mara chache. Mhadhiri alikusanya, akapekua mbili tatu palepale mbele ya darasa, akaziweka mkobani. Hakuna mwanafunzi mwenye akili timamu atakayeandika ukweli katika hali hiyo, na anayekusanya majibu ya namna hiyo amekusanya adabu ya wanafunzi mbele ya mkubwa.

Najua mtauliza: bila majina tutamsaidiaje anayehitaji msaada? Ni swali la haki, na nimelifikiria sana. Njia ninayoipendekeza ni kwamba mwanafunzi ajumlishe alama zake mwenyewe, kwenye karatasi anayobaki nayo, yenye maelezo mafupi ya maana ya alama hizo na mahali pa kwenda akitaka kuzungumza na mtu. Chuo kinabaki na nakala isiyo na jina, yenye alama ya siri aliyoitunga mwenyewe, ili mkirudia kupima muhula ujao muweze kulinganisha mtu na yeye mwenyewe bila kumjua. Agawaye hojaji asiwe mtu anayemfundisha wala kumsahihishia. Na kundi likiwa dogo mno, tuseme chini ya watu kumi, matokeo yake yasitangazwe peke yake, maana kila mtu atajua ni nani. Wanafunzi wakiona hivyo, wengi watakuja wenyewe. Anayekuja mwenyewe anasaidika kwa urahisi kuliko aliyeitwa kwa barua.

Kuna jingine kuhusu alama hizo. Hofu ya mtihani haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaotumiwa sehemu nyingi duniani, na hojaji haimpi mtu ugonjwa. Anayesema "waliopita 60 ni wagonjwa" amejitungia. Uchambuzi wa Ray Hembree wa mwaka 1988, uliokusanya tafiti 562, ulionyesha kwamba hofu kubwa inaambatana na alama za chini. Lakini uhusiano huo, hapo na katika tafiti za baadaye, ni wa kiasi, hautoshi kumtabiria mtu mmoja atapata nini. Mwaka 2005 Mark Chapell na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi 4,000 wa shahada ya kwanza na 1,414 wa shahada za juu. Wa shahada ya kwanza wenye hofu ndogo walikuwa na wastani wa juu kidogo kuliko wenye hofu kubwa. Katika kundi hilohilo wanawake walieleza hofu kubwa kuliko wanaume, na wastani wao wa masomo ulikuwa juu kuliko wa wanaume. Chuo kitakachowaita "walio hatarini" kwa kuangalia jumla ya alama tu kitawaita wasichana wengi wanaofanya vizuri, na kuwaacha wavulana walionyamaza.

Kama hojaji mnaitafsiri, msimwachie mtu mmoja mwenye kamusi. Mmoja aitafsiri, mwingine asiyeiona ya awali airudishe kwenye lugha ya kwanza, kisha wanafunzi wachache waisome kwa sauti na waeleze kila kauli wameielewaje. Ni kazi ya siku chache na inaokoa mwaka mzima wa takwimu zisizo na maana.

Sasa nifike kwenye ninalolitaka hasa. Waulizeni wanafunzi walewale kuhusu mitihani yao yote, mmoja mmoja. Hojaji nyingi zinauliza unavyojisikia kwenye mitihani kwa ujumla, na jibu la jumla humwelekezea kidole mwanafunzi: ana hofu, ndivyo alivyo. Lakini mkimuuliza mtu yuleyule kuhusu kozi zake sita, mtaona anatulia katika nne na kuvurugika katika mbili. Mkiona darasa zima linavurugika katika kozi hizo mbili, hapo hamwezi tena kusema ni udhaifu wa mtu. Watu hawajabadilika kutoka Jumatatu hadi Jumatano. Tofauti ipo kwenye karatasi, kwenye chumba, au kwenye kilichowekwa rehani.

Bodi ya mitihani ikiwa na orodha hiyo mkononi inajua pa kuanzia. Ichukue mtihani wa kozi iliyoongoza, impe mhadhiri mwingine wa fani hiyohiyo aufanye kwa saa, akiandika majibu kamili kama mtahiniwa. Kama yeye aliyebobea anatumia muda wote uliotolewa, karatasi hiyo inapima kasi ya mkono, na kasi hiyo haimo kwenye muhtasari wa kozi. Iangalie swali la kwanza: mara nyingi limewekwa gumu kuliko yote bila sababu yoyote, na mtu akikwama hapo mawazo yale niliyoyaeleza yanamkamata asubuhi yote. Iangalie kama wanafunzi walijua sura ya mtihani kabla, maswali mangapi, ya aina gani, kila moja lina alama ngapi, au walikuwa wanabashiri na kuuziana tetesi. Na iangalie uzito. Pale ambapo muhula mzima umening'inizwa kwenye saa mbili au tatu za asubuhi moja, mwanafunzi anayewaza "hapa ndipo maisha yangu yanapoamuliwa" hakosei. Mmemwambia hivyo ninyi wenyewe, kwa kanuni.

Wahadhiri wengine huniambia kwamba baadhi ya hawa wanaogopa kwa sababu hawakusoma. Ni kweli, na hakuna haja ya kulificha. Ralph Culler na Charles Holahan walionyesha mwaka 1980 kwamba wanafunzi wenye hofu kubwa walikuwa pia na mazoea hafifu ya kusoma kuliko wenzao. Basi ongezeni kwenye hojaji maswali machache kuhusu anavyosoma: anajipima mwenyewe bila daftari, au anasoma tu mistari aliyoipaka rangi? Anaanza lini? Wa namna hii afundishwe kusoma, na hofu yake itapungua kwa sababu ya haki. Ila kumbukeni kwamba mtihani mmoja mkubwa wa mwisho unamfundisha mtu kulundika yote wiki ya mwisho. Majaribio madogo ya mara kwa mara, yenye alama chache na masahihisho yanayorudi mapema, yanamfundisha kinyume chake.

Siombi mitihani rahisi. Kiasi fulani cha mchecheto kinamsaidia mtu. Richard Alpert na Ralph Haber walilionyesha mwaka 1960 walipotenganisha hofu inayomsukuma mtu na ile inayomkwamisha. Mtihani wa tiba au wa uhandisi uwe mgumu kadiri kazi yenyewe inavyodai. Ninachoomba kiondolewe ni ugumu usiohusiana na somo.

Wala msinitafutie dawa ya haraka ili kanuni zibaki zilivyo. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha katika jarida la Science jaribio zuri la kuvutia: wanafunzi walioandika kuhusu hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Vyuo vingi vililipenda, maana halina gharama. Watafiti wengine walipolirudia, katika mradi mkubwa uliotolewa mwaka 2018, hawakupata matokeo hayo. Mwanafunzi anayetaka kuandika na aandike, haimdhuru. Yanayosaidia kwa uhakika zaidi yanachukua wiki kadhaa za kukaa na mtu: kumfundisha kuyatambua mawazo yake na kuyajibu, pamoja na kumfundisha kusoma. Kazi hiyo nitaifanya, na nitaifanya kwa moyo. Nawaombeni ninyi mfanye ile ambayo mimi sina mamlaka nayo.

Kama chuo kizima ni kikubwa mno kuanza nacho, chagueni kozi moja ambayo kila mwaka ina foleni ndefu ya wanaorudia. Pimeni katikati ya muhula, kukiwa kumetulia. Badilisheni jambo moja au mawili, wajulisheni wanafunzi mmebadilisha nini na kwa nini, halafu pimeni tena muhula unaofuata kwa kipimo kilekile. Mkiona hakuna kilichobadilika, semeni hivyo pia.

Na zile hojaji zilizokwisha kujazwa kwa majina, naomba zitolewe kwenye mafaili ya wanafunzi kabla ya kikao kijacho cha bodi. Wapo watakaoomba nafasi za masomo ya juu mwaka huu, na mafaili hayo ndiyo yatakayofunguliwa.

Wenu katika kazi,

Mshauri nasaha wa wanafunzi